Usiondoke bila tarehe: kupata wateja wa kudumu kwenye kazi ya kusafisha madirisha Dar es Salaam

Wengi wanaoanza kazi hii huanzia pabaya: wananunua ngazi, wanachapisha vipeperushi 500, wanavigawa Mwenge mpaka Makumbusho, halafu wanakaa kusubiri simu. Simu zinakuja, nne au tano. Kazi inafanyika, pesa inaliwa, na mwezi unaofuata wanaanza tena na vipeperushi. Tatizo si tangazo. Tatizo ni kwamba wale watu watano waliokwisha kuridhika hakuna aliyewapa tarehe ya kurudi, na kioo cha Dar hakikai safi muda mrefu.

Biashara ya madirisha haiendi kwa kutafuta wateja kila siku. Inaenda kwa mzunguko: idadi fulani ya nyumba na maduka, kila moja na zamu yake, zote zikiwa karibukaribu.

Ijue namba yako

Kabla ya kutafuta mteja hata mmoja, piga hesabu ya wateja unaoweza kuwahudumia. Tuchukue timu ya watu wawili, siku sita kwa wiki.

Asubuhi ni ya maduka. Fremu ya duka yenye mlango wa kioo na vioo viwili vya mbele, ndani na nje, huchukua kama dakika 20. Weka dakika 10 za kusogea na kusalimiana. Kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi mnamaliza maduka sita bila kukimbizana. Baada ya hapo nyumba moja: nyumba yenye madirisha 12 ya aluminiamu ya kusukuma, pamoja na nyavu na grili, inawachukua watu wawili saa tatu hadi nne kama inasafishwa mara kwa mara. Kama haijaguswa mwaka mzima, hesabu kutwa.

Duka likisafishwa kila wiki, nafasi zenu ni maduka 36. Nyumba ikisafishwa kila baada ya wiki sita, siku 36 za kazi ni nyumba 36. Lakini msijaze zote. Mvua, msiba, kioo kilichovunjika na mteja mpya wa kujaribu vyote vinahitaji mahali pa kukaa. Lengo liwe maduka 30 na nyumba 30. Ukishaijua hiyo namba, hutahangaika kutafuta wateja 200, na utajua kwamba ukipoteza nyumba mbili mwezi huu, unahitaji mbili tu kuziba pengo.

Eneo moja kwa siku moja

Foleni ya Dar ndiyo inayokula faida, kuliko sabuni na kuliko mishahara. Kutoka Mbezi Beach hadi Upanga saa 2 asubuhi unaweza kupoteza muda wa maduka matatu. Kwa hiyo kila siku ipewe eneo lake na hapatoki mtu: Jumatatu Sinza na Kijitonyama, Jumanne Mikocheni, Jumatano Masaki na Oysterbay, Alhamisi Kawe na Mbezi Beach, Ijumaa Upanga na Posta, Jumamosi nyumba za watu wasiopatikana siku za kazi. Huo ni mfano tu. Anayeishi Temeke au Segerea apange maeneo ya upande wake. Ijumaa malizeni maduka mapema, kwa sababu mengi ya katikati ya mji hufungwa wakati wa swala. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na katika mitaa mingi maduka huchelewa kufunguliwa, hivyo ratiba ya asubuhi isogezwe.

Mteja mpya wa Mbezi Beach akipiga Jumanne, usikimbie. Mwambie, "Huko tunakuja Alhamisi, tukuweke saa ngapi?" Wengi wanakubali, na jibu hilo lina faida ya pili: mtu anaelewa kwamba una wateja wengine hukohuko kwao.

Kuna jambo dogo la ngazi. Daladala haibebi ngazi, na bodaboda ikiibeba ni hatari. Bajaji inakula pesa. Timu nyingi zinazodumu huacha ngazi kwa mlinzi au dukani kwa mteja katika kila eneo, na vijana wanakuja na ndoo, mipira (vile vifaa vya kuvutia maji kwenye kioo) na mpini unaorefuka tu. Hilo linawezekana pale tu mnaporudi mtaa uleule kila wiki.

Kuwapata wale wa kwanza

Anza na maduka. Nyumba ina geti, na duka liko wazi. Chagua kipande cha barabara kisichozidi kilomita moja chenye saluni, maduka ya dawa, maduka ya nguo, ya simu na migahawa yenye vioo vya mbele. Tembea ukihesabu vioo na kuandika. Usiingie kuuza siku hiyo.

Rudi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, duka likiwa limefunguliwa lakini wanunuzi hawajajaa. Omba kusafisha kioo kimoja tu cha mlango, bure, dakika tatu. Safisha kile kimoja na ukiache kingine kilivyo. Usisafishe vyote viwili kwa kujipendekeza, maana ile tofauti ndiyo inayokuuzia. Mwenye duka akikaa ndani mchana kutwa anaangalia kioo kimoja cheupe na kingine chenye vumbi la barabara, kazi yako inaongea yenyewe.

Shida ya kawaida ni kwamba aliyepo dukani ni muuzaji, na mwenye duka yuko kwingine. Muuzaji atakuambia "bosi hayupo". Usimbane. Muulize bosi huja siku gani na saa ngapi, andika, rudi saa hiyo. Akisema "nitakucheki", chukua kuwa ni hapana ya heshima na upitie tena baada ya wiki mbili. Akisema "bei gani?" basi mazungumzo yameanza, na bei itajwe palepale.

Kwa nyumba, mlango wa kwanza ni mlinzi. Anayempita mlinzi kana kwamba ni nguzo ya geti hatarudi mtaa huo. "Shikamoo mzee. Sisi ni vijana tunaosafisha vioo, tumetoka nyumba ile ya geti jeusi. Mwenye nyumba tunaweza kumpata siku gani?" Hatakupa namba ya mama mwenye nyumba na hapaswi kukupa. Mwachie karatasi yako yenye namba mbili za simu na picha ya kazi. Muda mzuri ni Jumamosi asubuhi saa 3 hadi saa 6, au Jumapili alasiri. Usigonge geti magharibi.

Halafu kuna dada wa kazi, ambaye watu wa biashara hii humsahau na wanajuta. Yeye ndiye amekuwa akifuta madirisha hayo kwa upande wa ndani. Akikuona kama mtu uliyekuja kumwonyesha kuwa hajui kazi, mama ataambiwa mlimwaga maji kwenye kochi. Mbele ya mama sema wazi kwamba uchafu ulio nje ya grili hakuna mkono unaofika. Mtandikie taulo chini ya kila dirisha, mfute matone yenu wenyewe, na msimwachie hata ndoo ya kumwaga.

Watu wanaoleta nyumba bila kugonga geti ni mafundi na madalali. Fundi aluminiamu akimaliza kufunga madirisha mapya anaacha stika, silikoni na michirizi ya saruji, na mwenye nyumba hana subira. Fundi rangi naye hivyohivyo. Dalali wa nyumba za kupanga anataka picha nzuri kabla mpangaji hajaja. Mpe kila mmoja asilimia 10 ya kazi ya kwanza tu, siku ileile uliyolipwa, kwa simu, bila kukumbushwa. Fundi aliyecheleweshewa elfu nane yake hakuiti tena.

Kwa mteja anayekuletea jirani, usitoe pesa. Inaleta aibu kidogo, hasa kwa watu wazima. Mpe kitu cha kazi: zamu ijayo mtamwoshea mlango wa kioo wa baraza au vioo vya nje vya mbele bila malipo.

Karatasi za kuaminika ziwe mfukoni tangu siku ya kwanza: kitambulisho cha NIDA cha kila kijana, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na TIN (namba ya mlipakodi). Mnaingia vyumbani mwa watu. Ndani fanyeni chumba kimoja kimoja, wote wawili pamoja, na mtu wa nyumbani akiwepo. Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya kioo chenye ufa, wavu uliochanika na kitasa kilicholegea, umwonyeshe mwenyewe. Bila picha hiyo, kila ufa utakuwa wako.

Bei inayomrudisha mteja

Hesabu vioo. Ukihesabu madirisha utakosea. Dirisha la kusukuma lenye vioo viwili lina nyuso nne za kuosha, na la vioo vitatu lina sita. Grili inaongeza muda karibu mara mbili kwa upande ilipo, kwa sababu mpira hauwezi kushuka moja kwa moja. Luva za kizamani hesabu kila kipande.

Kisha jua gharama ya siku. Mfano: vijana wawili 20,000 kila mmoja, bajaji 12,000, sabuni na vitambaa 4,000, vocha 2,000, akiba ya vifaa na vioo vitakavyovunjika 5,000. Jumla 63,000. Lakini siku 26 za kazi hazilipi zote; tuseme 22 ndizo zenye wateja kamili, na siku za mvua vijana wanakula pia. Zidisha 63,000 kwa 26, gawa kwa 22, unapata kama 74,500. Siku isiyofikia hapo ni ya hasara hata kama mmechoka. Maduka matano kwa 5,000 na nyumba moja kwa 60,000 yanakupa 85,000. Weka tarakimu zako, njia ni hiyohiyo.

Sasa sehemu inayoleta zamu. Toa bei mbili kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza 80,000, kwa sababu uchafu ni wa mwaka. Zamu zinazofuata 60,000, mradi hazijapita wiki nane. Zikipita, bei inarudi ile ya kwanza. Si ujanja, ndiyo kazi yenyewe ilivyo: vumbi la wiki sita linatoka kwa maji, vumbi la mwaka lililoshikana na chumvi linataka kulowekwa na kusuguliwa mara mbili. Mweleze mteja hivyo, kwa maneno hayo. Mtu akielewa kwa nini bei inashuka, haombi ishuke zaidi.

Wiki sita si sheria kwa wote. Nyumba zinazotazama bahari, Masaki, Msasani au upande wa pwani wa Kigamboni, hupata utando wa chumvi mapema, na wiki nne zinafaa zaidi. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi au ya ujenzi, vivyo hivyo kwa upande wa mbele. Ghorofa iliyojificha nyuma ya miti inaweza kungoja wiki nane. Kumshauri mteja aite mara chache kuliko alivyodhani ni hasara ndogo inayokununulia uaminifu mkubwa.

Malipo ya maduka yachukuliwe kila wiki, mara tu kazi inapokwisha. Elfu tano inatoka kwenye droo bila maneno, elfu ishirini ya mwezi inaitiwa kikao. Nyumbani, hakikisha kabla ya kuanza nani analipa. "Mama atatuma jioni" ni sentensi iliyoua timu nyingi. Tuma lipa namba asubuhi pamoja na kiasi, na ngazi isikunjwe kabla ujumbe wa malipo haujaingia.

Kinachowafukuza

Mteja haondoki kwa sababu ya bei mara nyingi kama anavyosema. Anaondoka kwa sababu jua la jioni lilipopiga kioo aliona michirizi. Sababu zake ni chache na zinajulikana.

Maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kioo kikikauka kinabaki na vidoa vyeupe. Dondosha tone juu ya kioo cheusi au kioo cha simu, liache likauke. Ukiona duara jeupe, maji hayo yatumike kuoshea nyavu, reli na grili tu. Vioo vimalizieni kwa maji ya DAWASA au ya mvua. Dumu moja la lita 20 linatosha vioo vya nyumba ya kawaida mkiwa na nidhamu.

Sabuni nyingi. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 10 vinatosha. Sabuni ya unga ya kufulia inaacha utando ambao hauonekani asubuhi na unaonekana saa 11 jioni. Badilisha maji kila baada ya madirisha manne, au mapema yakiwa ya kijivu.

Jua. Saa 6 mchana sabuni inakauka kabla mpira haujafika chini. Asubuhi anzeni upande wa magharibi wa nyumba, mchana hamieni mashariki, mfuate kivuli.

Mpira wenye jino. Ukingo wa mpira ukichanika hata milimita moja, unaacha mstari mmoja kila unaposhuka. Ugeuze upande wa pili, kisha ubadilishe. Kabla ya kuvuta, kausha kipande chembamba juu ya kioo ili mpira uanzie pakavu, na ufute ukingo wake kila baada ya mvuto mmoja.

Vioo vya tinti viangalieni sana. Kama tinti ni karatasi iliyobandikwa, kwa kawaida upande wa ndani, wembe, steel wool na dawa zenye amonia ni marufuku. Utalipa tinti mpya. Na nyumba iliyotoka kujengwa isichukuliwe kwa bei ya kawaida: saruji iliyokauka ilowekwe kwanza, wembe uwe mpya, kioo kiwe na maji muda wote, na msukume upande mmoja bila kurudi nyuma. Jaribu pembeni kabla. Kama mwenye nyumba anataka mtumie asidi ya kusafishia vigae kwa sababu fundi wake alisema, kataeni. Inababua fremu za aluminiamu na doa lake halitoki.

Kabla ya kukunja vifaa, mwite mteja mkague pamoja, mkiwa ndani mkitazama kwenye mwanga. Mkono mmoja uwe na kitambaa. Akionyesha kidoa, futa palepale. Na akipiga simu kesho yake kulalamika, mmoja arudi ndani ya saa 24 hata kwa dirisha moja. Nauli ya kurudi Mikocheni ni ndogo kuliko gharama ya kutafuta nyumba nyingine.

Tarehe, daftari na ujumbe

Hapa ndipo mzunguko unaposhika au kukatika. Mteja akiwa ameridhika, anakagua vioo vyake, simu iko mkononi anakulipa: hapo hapo taja tarehe. Usiulize "tukupigie lini?" Atasema "nitakujulisha", na hatakujulisha, si kwa ubaya, ila ana mambo yake. Sema, "Wiki sita zinaangukia Jumatano tarehe 14. Tukuweke asubuhi au mchana?" Andika mbele yake.

Daftari la kawaida linatosha kwa mwaka wa kwanza. Kila mteja awe na ukurasa: jina mnalomwitia, mtaa na alama ya kufikia, simu mbili, idadi ya vioo, bei, tarehe ya mwisho, tarehe ijayo, nani analipa, na alitoka wapi. Hicho cha mwisho usikidharau. Baada ya miezi mitatu utaona kwamba wateja waliodumu wametoka kwa fundi fulani au mtaa fulani, na vipeperushi vilileta watu wa mara moja. Hapo unajua pa kuweka nguvu.

Siku moja kabla, kati ya saa 10 na saa 12 jioni, tuma ujumbe wa namna hii:

"Shikamoo mama. Ni vijana wa vioo. Kesho Jumatano saa 4 na nusu asubuhi ndiyo zamu yako, kiasi ni kilekile 60,000. Kama kuna dharura tuambie leo tumpe jirani nafasi hiyo."

Angalia kwamba hauulizi kama mje. Unamkumbusha jambo lililokwisha kupangwa, na unampa nafasi ya kuahirisha bila aibu. Kwa mwenye duka kijana, "Shikamoo" iondolewe na "Habari bosi" itoshe. Mtu akiahirisha, jibu lako lazima libebe tarehe nyingine ya wiki hiyo au inayofuata. "Sawa hakuna shida" peke yake ni kumuaga.

Kwenye WhatsApp, orodha ya kutuma kwa wengi kwa pamoja huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Kwa hiyo siku ya kwanza mwombe mteja ahifadhi namba kwa jina la kazi, "Vioo" na jina lako, ukiwa umesimama naye. Picha za kabla na baada wekeni kwenye status, lakini sebule ya mtu, gari lake na geti lake visionekane. Sajili pia biashara kwenye ramani ya Google ikiwa na maeneo mnayofika, na umwombe mteja aliyefurahi aandike neno siku ileile. Kesho atakuwa amesahau.

Misimu

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo inayowatoa jasho watu. Mteja anasema "si mvua itachafua tena?" Mvua yenyewe haina uchafu mwingi, kinachochafua ni vumbi lililokuwa limelala kwenye kioo na tope linaloruka kutoka chini. Toa ahadi yenye kikomo: mvua ikinyesha ndani ya siku tatu na kuacha madoa, mtarudi kufuta vioo vya nje vya mbele bure. Wanaodai ni wachache, kwa sababu kioo safi kikinyeshewa hukauka na doa dogo.

Lakini kitu cha kuuza kabla ya masika si kioo, ni reli. Reli ya chini ya dirisha la aluminiamu ina vitundu vya kutolea maji kwenda nje. Mchanga, wadudu wakavu na mabaki ya saruji huviziba. Mvua kubwa ikipiga, reli inajaa kama mfereji na maji yanamwagikia ndani, yanaharibu rangi ya ukuta na kochi. Wenye nyumba wengi hudhani dirisha limefungwa vibaya na wanamwita fundi. Februari watumieni wateja wote ujumbe kuhusu hilo. Kazi yenyewe ni brashi ngumu, kijiti chembamba na kikombe cha maji: unamimina nusu kikombe kwenye reli mteja akiangalia, maji yakitoka nje upesi umemaliza. Weka bei ndogo kwa kila dirisha. Ukifika Aprili, simu za "vijana njooni, maji yanaingia" zitakuja zenyewe kutoka kwa wale waliokataa, na majirani zao.

Kabla ya Idd na kabla ya Krismasi kila mtu anataka kwa siku zilezile tatu. Wateja wa zamu wapewe kwanza, waambiwe wiki tatu kabla, na wapya wapewe nafasi zilizobaki kwa bei ya mara ya kwanza. Desemba, nyumba nyingi huhamia mikoani kuanzia tarehe 20 hivi. Zamu zinazoangukia hapo zisogezwe mbele, au mpatane na mwenye nyumba mfanye nje tu mlinzi akiwepo. Januari ina ada za shule, msilazimishe. Mpe mteja chaguo la nje pekee kwa nusu bei ili zamu isikatike. Mwezi wa Ramadhani, nyumba za waliofunga zifanyeni asubuhi na mtoke mapema, jioni jikoni kuna kazi.

Ofisi na ghorofa

Ofisi zinavutia, lakini zisizidi theluthi moja ya mapato yenu mpaka muwe na akiba ya miezi miwili. Afisa utawala atataka nukuu ya bei, TIN, leseni ya biashara, risiti, pengine uthibitisho wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), kisha malipo yanakuja siku 30 au 60 baadaye. Wakikata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo yenu kabla hamjalipwa, daini cheti chake. Taasisi za serikali hununua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, na kuna fungu la asilimia 30 la vikundi maalumu kama vijana na wanawake. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kujaribu huko, pole pole.

Ngazi isipande zaidi ya ghorofa ya kwanza. Mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo, mtu mmoja akiishika chini, na ngazi ya aluminiamu isikaribie nyaya za TANESCO. Majengo marefu wapeni wenye kamba, mafunzo na bima, muombe asilimia yenu.

Wanaopungua na timu ya pili

Mteja akiruka zamu mara mbili mfululizo, piga simu, usitume ujumbe. Uliza moja kwa moja kama kuna kitu hakikumpendeza. Akiruka ya tatu, ukurasa wake uhamie nyuma ya daftari na aandikiwe mara mbili tu kwa mwaka, kabla ya Idd au Krismasi na kabla ya masika. Nafasi yake mpe aliye kwenye foleni ya eneo hilohilo, hata kama kuna mwingine wa mbali anayelipa zaidi.

Nyumba zikipita 36, gawanya maeneo. Wateja wasigawanywe mmoja mmoja: timu ya pili ichukue Sinza na Kijitonyama zote. Zamu ya kwanza ya timu mpya iende na kijana mmoja wa zamani ambaye mlinzi na dada wa kazi wanamfahamu, na ukurasa wa kila nyumba uende naye, ukiwa umeandikwa mbwa hufungwa na nani, dirisha lipi lina ufa, na lipi lisiguswe kwa sababu gurudumu lake limekufa.